Sinia la Kwanza kwenye Harusi ya Hidaya

Hapo zamani, si zamani sana, maana simu zilikuwepo na chaji iliisha vilevile, wapishi wa harusi wa Tanga walitumia mfumo mmoja wa mtandaoni. Kila mpishi alikuwa na jiko lake humo, na hakuna aliyeona oda za mwenzake. Fundi Tunu aliuwekea mlango wa ajabu. Ukiingia kwa jina na neno lako la siri, haukuulizi wewe wa jiko gani. Unakutazama, unakujua, unakufungulia.

Basi Saumu akaingia kuandika oda ya biriani ya harusi ya mdogo wake, Hidaya, ipikwe jikoni kwa mama yao, Bi Kibibi. Mlango ukamtazama, ukamjua, ukamfungulia. Kumbe Saumu alikuwa wa majiko mawili: la mama yake, na la mama mkwe wake, Bi Mwanasha, alikosajiliwa kwanza. Mlango ukafungua hilo la kwanza, oda ikaangukia ukweni.

Asubuhi ya harusi Bi Kibibi akatoka na hina mikononi, akakuta moto haujawashwa.

"Wapishi wako hawakuona oda, mama," Saumu akasema. "Wamedhani kazi umempa mwingine. Lakini mimi naiona hapa."

Bi Kibibi akaketi akalia. Yeye alilisha harusi za mji mzima, na ya mwanawe haina hata chai.

Saumu akampigia Shekue, fundi mwenzake Tunu. Papo hapo Shekue akaufunza mlango swali: mwenye majiko mawili, leo unaingia lipi? Saumu alipoulizwa hivyo akaelewa, akafungua la ukweni, akakuta oda imeandikwa: imeiva. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Kabla hata hajapiga simu ya pili, vigelegele nje, Bi Mwanasha huyo na masufuria yake. Wageni walipoketi, mafundi wote wawili wakiwemo, Bi Kibibi akapakua sinia la kwanza, kuku mzima juu. "Hili la aliyeniokoa na aibu."

"Ni langu," akasema Tunu. "Kwa mlango wangu haandiki mtu wa nje. Ndiyo maana Bi Mwanasha aliiamini ile oda."

"Mlango wako ndio uliompoteza," akasema Shekue. "Mimi nimeufunza kuuliza."

"Ulizeni mpaka jioni," akasema Bi Mwanasha. "Niliona jina la mkwe wangu, nikapika. Mnakula milango?"

Haya, nyie mnaonisikiliza huku mkimeza mate. Sinia liko mikononi mwa Bi Kibibi, na biriani inapoa. Je, mngempa nani?