Ua la Mboga la Bi Somoe

Ua la mboga ndilo baba wa boga. Methali hiyo mmeisikia leo mama yenu mdogo akiitupa kikaoni, mkacheka kwa kuwa watu walicheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Kwanza niwaambie, haina maana hiyo mnayoidhani. Vijana wa siku hizi mnaitumia kumtetea kila mwanamume anayelala mpaka jua likampiga usoni. Haikusemwa kwa ajili ya wavivu. Ilitoka kinywani mwa bibi yangu mzaa mama, Bi Somoe, na bibi yangu alikuwa hana subira na mvivu hata wa kusimuliwa. Kaeni basi, na msinikatize. Mkinikatiza naanza upya, mnanijua.

Chanzo chake ni hiki. Huku kwetu Masasi, enzi hizo, mwanamume akioa alihamia kwa wakwe zake. Nyumba ilikuwa ya mke, shamba la ukoo wa mke, na watoto wakizaliwa ni wa ukoo wa mama yao. Mwenye kauli juu yao alikuwa mjomba. Baba alikuja na jembe lake, na siku wakwe wakimchoka aliondoka na jembe lake. Watoto walibaki. Hakuna aliyeona ajabu, ndivyo tulivyokuwa.

Baba yangu, Ausi, alikuja kwa Bi Somoe kwa njia hiyo hiyo, akalima, akasifiwa. Sisi watoto tulizaliwa, mimi Siwema nikiwa wa kwanza. Kisha mwaka mmoja alipanda mkorosho kukata matawi makavu, tawi likamtupa chini, akavunjika nyonga. Mganga wa kuunga mifupa alimuunga, lakini mguu mmoja ukabaki mfupi na mgongo ukakataa kuinama. Jembe likamshinda. Akawa mtu wa nyumbani. Mama alipokwenda shamba, baba ndiye aliyetupikia, akatuogesha, akatufuata shuleni na fimbo yake, na jioni akatusikiliza tukisoma. Sisi tuliona tumepata bahati. Bi Somoe aliona amepata mzigo.

Sasa niwaeleze jambo la maboga, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Boga hutoa maua ya namna mbili. Kuna ua ambalo nyuma yake, chini ya yale majani ya njano, lina kiboga kidogo kama kidole gumba. Hilo wanawake hawaligusi. Na kuna ua lililokaa juu ya kikonyo kirefu kitupu, halina kiboga nyuma wala mbele. Hilo huchumwa asubuhi, likapikwa pamoja na majani yake kwa karanga, na atakayesema hajui utamu wake hajala chakula cha kwetu. Hilo la kikonyo kitupu jina lake lilikuwa ua la mboga. Halizai, basi linaliwa.

Bi Somoe alimbandika baba jina hilo. Alianza kwa utani, utani ukaota mizizi. Akipita uani akimkuta baba amekaa na sisi husema, kwa sauti ya kumfikia jirani, kwamba nyumba yake ina ua la mboga moja, haliliki. Majirani walicheka. Mama alinyamaza, kwa kuwa mtoto wa kike hamjibu mama yake mbele ya watu. Baba naye alicheka kidogo, cheko la mtu anayekaa kwa watu.

Mwaka wa kisa hiki mdogo wangu wa kiume wa kunifuata alikuwa aingie jando, na watu wengi walikuwa waje kula. Bi Somoe akalima maboga bondeni, mbali na mashamba ya wenzake, kwenye ardhi nyeusi iliyokuwa haijaguswa. Alitaka maboga ya kuzungumzwa. Na alikuwa na maarifa yake: alisema ua la mboga linanyonya nguvu ya shina bure, kwa hiyo asiachie hata moja. Wanawake wengine walichuma ya kutosha sufuria, wakaacha mengine. Bibi yangu alikwenda alfajiri, kabla nyuki hawajaamka, akachuma yote. Tulikula maua mpaka tukayachoka.

Vile viboga vidogo vikaanza kuwa njano, vikalainika, vikaanguka. Kila siku vilichanua vingine, navyo vikaanguka. Majani yalikuwa mapana, shamba lote linapendeza macho, na boga hakuna. Bi Somoe aliongeza samadi, akapalilia, akamwagia jivu. Hakuna. Siku moja akarudi nyumbani akasema maneno ambayo mtu akishayasema hayarudi tumboni, kwamba Ausi amelifunga shamba kwa dawa. Alidai baba amesikia anatakiwa kurudishwa kwao, ndiyo maana ameamua kumwaibisha siku ya jando.

Baba alimjibu kwa upole kwamba bondeni hafiki kwa mguu ule. Bi Somoe akasema mwenye kufunga shamba hahitaji mguu. Akatuma watu kwa kaka yake, Mjomba Chilumba, mkubwa wa ukoo wetu, ili kikao kikae baada ya mavuno ya mahindi na Ausi aondoke. Mama alikonda. Mimi nilijua maana ya kikao hicho: baba angekwenda kwao Nanyumbu, na sisi tusingemfuata.

Nilikuwa darasa la nne. Mwalimu wetu wa sayansi aliitwa Devota, mgeni kutoka mikoa ya juu, na wiki ile alikuwa akitufundisha sehemu za ua. Alituambia kila mtu aje na ua kubwa. Kwetu ua kubwa ni la boga, basi nikachukua mawili kwa jirani, moja la kila namna. Mwalimu Devota aliyapasua mezani kwa wembe. Akatuonyesha sepali za kijani zinazolifunika ua likiwa changa, na petali za njano zinazomwita nyuki. Katika lile lenye kiboga akatuonyesha stigma, inanata ukiigusa, na chini yake ovari, ndicho kile kiboga chenyewe, na ndani yake chembe ndogo zitakazokuwa mbegu. Katika lile la kikonyo kitupu akatuonyesha stameni, akaipangusa kwa kidole, kidole kikatoka na unga wa njano. Akasema unga huo ni chavua.

Kisha akauliza kwa nini ua hili la pili halina ovari. Nikanyoosha mkono nikajibu, kwa kuwa ni la mboga. Darasa zima likaitikia kwamba ndiyo, ni la mboga. Mwalimu hakuelewa tunasema nini, ikabidi tumweleze, na alipokwisha kuelewa akaliinua lile ua tulione sote. Halafu akatuambia kwamba hilo ni ua dume. Nyuki hubeba chavua yake mpaka kwenye stigma ya ua jike, na pasipo chavua ile ovari haikui, hunyauka ikaanguka. Akasema, kwa lugha nyepesi ya watoto, kwamba hilo ndilo baba.

Nadhani mnajua nilikwenda wapi baada ya kengele. Nilimwomba mwalimu aje bondeni na darasa lake, nikamwambia bibi yangu ana maua makubwa kuliko yote. Alikuja kesho yake asubuhi. Akamwamkia Bi Somoe, shikamoo bibi, akaomba ruhusa ya kuwaonyesha watoto ua dume shambani. Bi Somoe hakuwa mchoyo wa kitu kwa mgeni, akasema tafuteni mtakacho. Tukatafuta. Tulizunguka shamba lote, halikuwapo hata moja.

"Bibi," mwalimu akasema, "shamba lako lina majike matupu."

"Majike gani, mwanangu? Boga lina ujike?"

Mwalimu akamweleza kama alivyotueleza. Bi Somoe alimsikiliza mpaka mwisho, maana adabu alikuwa nayo, kisha akasema mama yake alichuma maua hayo, na mama wa mama yake, na maboga waliyapata. Mwalimu akajibu kwamba wao walilima karibu na wenzao, na hawakuchuma yote. Bi Somoe akalitazama shamba lake. Alikuwa mkali lakini hakuwa mjinga, na hilo la kuchuma yote alilijua mwenyewe.

Akaniruhusu nijaribu ua moja tu. Nadhani alitaka mwalimu aone aibu mbele yetu. Mmoja wetu akakimbia mpaka mashamba ya majirani akaleta ua dume, mwalimu akalichana petali zake, nami nikaipakaza ile stameni juu ya stigma ya ua jike lililochanua pembeni mwa kichuguu. Tukafunga uzi mwekundu kwenye kikonyo chake, tukarudi darasani.

Viboga vingine viliendelea kuanguka. Kile cha uzi mwekundu hakikuanguka. Kilikaza, kikawa kijani, kikafika ukubwa wa yai, kikafika ukubwa wa ngumi. Nyumbani sikuthubutu kumuuliza Bi Somoe neno, lakini nilimwona akienda kukitazama kila asubuhi na kurudi mikono mitupu. Tukaanza kula mchicha. Mama aliuliza maua yamekwenda wapi, bibi akasema ameyachoka.

Baada ya mahindi kikao kikakaa, uani kwetu, juu ya mikeka. Baba alikuwa amekwisha kufunga nguo zake, na jembe lake ameliegemeza ukutani, jembe ambalo hakuweza tena kulishika. Alijua desturi, hakutaka kusukumwa. Mama alikaa na wanawake, uso ameuinamisha. Sisi watoto tuliambiwa tukacheze, tukajibanza nyuma ya ghala tukasikia yote. Mjomba Chilumba akamtaka dada yake aseme shtaka lake.

Bi Somoe akasimama katikati ya mikeka.

"Mwanamume huyu nilimwita ua la mboga," akasema. "Mmenisikia nyote, mkacheka. Jina sikukosea. Nilikosea maana yake."

Akawaeleza habari ya bondeni bila kujificha. Aliwaambia yeye mwenyewe ndiye aliyelifunga shamba lake, kwa mkono wake, kila alfajiri, na akamsingizia mtu asiyeweza kufika. Akasema alikuwa akilaumu shamba halina boga huku baba wa maboga yuko sufuriani mwake. Ua la mboga, akasema, ndilo baba wa boga.

Hapo wengi waliona mambo yamekwisha. Mjomba Chilumba hakuona hivyo. Alikuwa mtu wa kupima maneno, na sitamlaumu, kwa kuwa alichouliza kilikuwa cha haki.

"Dada, nimekuelewa," akasema. "Lakini ua hilo likishatoa unga wake hunyauka siku ile ile. Boga hukua bila lenyewe. Watoto hawa wamekwisha kuzaliwa. Huyu anabaki wa nini?"

Baba aliangalia chini. Nyuma ya ghala mdogo wangu alinishika mkono akaubana mpaka ukauma.

Bi Somoe akamtazama kaka yake.

"Boga haliulizi baba yake yuko wapi," akasema. "Hawa wataniuliza mimi. Nitakapokuwa kizee sioni, watakuja waniulize, nami sina la kuwajibu. Nipe jibu wewe, Chilumba, nilishike sasa hivi."

Mjomba akasugua magoti, kisha akamwambia baba arudishe nguo zake ndani. Baba alijaribu kusimama, mguu ukamkatalia, na aliyekwenda kumshika mkono mbele ya ukoo mzima ni Bi Somoe, mkwe ambaye kwa heshima ya kwetu hakupaswa hata kumkaribia. Mimi nililia pale nyuma ya ghala. Nasema wazi, sijapata kufurahi namna ile tena.

Basi hiyo ndiyo habari yake. Si ya kumtetea mvivu, na si ya kumpaka mtu mafuta kikaoni. Mkimwona mtu mikono yake haina tunda, msianze na sufuria. Ulizeni kwanza tunda mnalolila limetoka kwa nani, na kama kuna atakayewauliza siku moja mlimpeleka wapi. Ua la mboga ndilo baba wa boga.