Akiba ya Chachu

"Akiba ya chachu ni nyumba ya jirani." Mmeisikia leo kwa yule mama aliyekuwa akigawa mofa mlangoni, mkacheka, mkauliza tangu lini mtu akaweka akiba yake kwa jirani. Swali zuri. Asiyeuliza hubaki na maneno matupu. Methali hii ilianza hivi.

Katika mtaa wa Langoni palikuwa na nyumba ya Bi Mwanatumu, na sifa ya nyumba hiyo ilikuwa mofa. Kwa nyinyi mliokulia mikate ya dukani, mofa ni mkate wa unga wa mtama, hubandikwa ndani ya tanuri la udongo mpaka ukaiva. Kubandika walijua wengi. Lakini mofa ya Bi Mwanatumu ilikuwa laini kama ndewe ya sikio la mtoto, na ukali wake mtamu ulibaki ulimini hata baada ya kunawa mikono.

Siri ilikuwa chachu. Kila alipokanda alibakisha donge la unga uliokwisha kuumuka, akalitia katika kijungu chake, na donge hilo ndilo lililoumua unga wa safari iliyofuata. Alilipokea kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Kamusi itawaambia kwamba chachu ni kitu cha kuumulia unga. Ni kweli, ila kamusi haina pua.

Mrithi alikuwa mjukuu wake, Barke, binti aliyependa tanuri kuliko hina. Kukanda alijua, kubandika bila kuungua alijua; alichosubiri ni siku ya kukabidhiwa kijungu.

"Siku hiyo, mke mwenzangu," bibi yake alikuwa akimtania, "mimi nitakaa kitako, nile tu."

Siku hiyo ilimponyoka Barke kwa sababu ya huruma. Mama Swabra, mwanamke wa bara aliyehamia nyumba ya pili, alikuwa na mimba, na kila chakula kilimchefua isipokuwa mofa. Barke akampelekea mara kadhaa, kisha akaona heri amfundishe. Akamega donge la chachu, akalifunga kwa jani la mgomba, akampelekea na kumwonyesha namna ya kulilisha unga.

Bi Mwanatumu alipojua, mtaa mzima ulisikia.

"Umetoa jina la nyumba hii kwa jani la mgomba! Tena kwa wa kuja, asiyejua hata kupepeta mtama!"

"Donge tu, bibi. Kijungu kimejaa vilevile."

"Leo donge, kesho tanuri. Usikiguse tena kijungu changu!"

Tangu hapo Barke akawa wa kuteka maji na kuchagua mchele. Na bibi yake akamwita Barke, basi. Ile "mke mwenzangu" ikakatika.

Miaka ikapita. Mwaka mmoja, Maulidi yaliangukia kipindi cha baridi. Kwa desturi, wageni wa miji ya jirani walilishwa mofa za nyumba hiyo, na haikupata kutokea wakazikosa. Chachu ikazembea kuumuka kwa ule ubaridi. Zamani Bi Mwanatumu angemwambia Barke aiangalie. Sasa hakumwamini mtu. Akakiweka kijungu mwenyewe kwenye ukingo wa tanuri lenye moto, kipate joto kidogo, akaenda kusali alasiri. Usingizi ukamchukua juu ya msala. Aliporudi na kufunua, hamkuwa na chachu tena kijunguni. Mlikuwa na mkate.

Alijaribu kuanzisha nyingine kwa unga na maji. Mofa zikatoka ngumu kama kwato. Na wageni walikuwa wamekwisha kuanza kuingia mjini.

Barke akaja, akasimama kizingitini mwa jiko bila kukivuka.

"Bibi, chachu yetu ipo."

"Usinichezee. Ipo wapi?"

"Kwa Mama Swabra."

Bi Mwanatumu akakifunika kijungu chake. "Basi nenda kaniombee. Usiseme nimekutuma."

"Niwie radhi, bibi. Nilipoitoa nilifukuzwa tanurini. Siwezi kuirudisha kwa kificho. Twende sote."

Bi Mwanatumu akajitanda buibui lake, wakaenda. Mama Swabra aliwafungulia, mtoto kiunoni.

"Makubwa haya! Bi Mwanatumu, leo umepotea njia?"

"Sikupotea. Chachu yangu imekufa, na aliyeiua ni mimi. Nimekuja kuomba."

"Kwa wa kuja, asiyejua kupepeta mtama?"

"Nilisema. Leo nayameza maneno yangu, na ni magumu kuliko mofa zangu za jana."

Mama Swabra akaangua kicheko, akaingia ndani, akatoka na chungu kizima kinachofurika povu.

"Chukua, bibi. Si yangu hii, mimi nimeilea tu. Na mtoto wa kulea harudishwi kwao amekonda. Isipotosha, mke wa mwadhini anayo, na shoga zangu wa kisimani wanayo. Niliwamegea, kama Barke alivyonimegea."

Bi Mwanatumu aliinama, akanusa, akafumba macho. "Hii," akasema polepole, "ni harufu ya mikono ya mama yangu."

Siku ya Maulidi matanuri ya mtaa mzima yaliwaka. Wanawake walileta vyungu vyao, na katikati yao alisimama Barke, akikanda, akibandika, akiamuru. Mofa zilitoka laini kwa masinia, wageni wakala wakasaza. Bi Mwanatumu alikaa kitako, akala tu.

Mgeni mmoja mtu mzima akamwuliza, "Mwaka huu mofa zimezidi! Chachu hii uliificha wapi hata ikanona hivi?"

"Nilipoificha ilikufa," akajibu. Kisha akapaza sauti. "Mke mwenzangu! Wafungie wageni madonge, kila mmoja aende na lake."

Barke akageuka tanurini, uso umejaa unga na furaha. "Na jina la nyumba, bibi? Nalo niwape kwa jani la mgomba?"

"Wape, liende likazae. Akiba ya chachu ni nyumba ya jirani."