Nakijwa na Maporomoko ya Ivuga

"Mgeni huona maporomoko, mwenyeji huona mlango."

Vijana wa Ivuga waliyasikia maneno hayo kwa mama mmoja aliyekuwa akiwatazama watalii wakipiga picha. Wakamfuata Mzee Sekiete shambani kuuliza yalikotoka. Mzee akaegemea jembe lake, akawaambia kwamba methali hii ilianza hivi.

Zamani Ivuga ilikuwa na nyumba zisizofika kumi, zimejibana kwenye bapa la mlima, nyuma jabali, mbele bonde. Njia ya kupandia ilikuwa moja tu, nyembamba, watu hawakuweza kupishana. Mifereji ilileta maji kwenye migomba na magimbi, na juu ya kijiji kijito kiliporomoka kutoka kwenye genge. Waliokaa huko walikuwa wamewakimbia watekaji, wale waliokamata watu na kuwauza kwenye misafara ya tambarare.

Nakijwa aliolewa Ivuga akitokea huko huko tambarare. Mumewe, Mrindoko, alimpenda, ila kijiji kilimtazama kwa jicho la pembeni. Aliona jinsi wanawake walivyobadili mazungumzo kila alipofika mtoni. Mama mkwe wake, Namkunda, hakumtendea ubaya. Alimpa kazi, akampa chakula, basi. Nakijwa alijua kuna jambo analofichwa, na lilimuuma kuliko baridi ya mlimani.

Kiangazi kimoja, Mrindoko akiwa ng'ambo ya mlima na mifugo, mlinzi wa njia alipiga mbiu. Watekaji wanapanda. Watu wakatoka majumbani bila kelele, wakaelekea kwenye maporomoko. Nakijwa alipotaka kuwafuata, mzee wa ukoo alimzuia. Alisema mtoto wa tambarare asionyeshwe siri ya kijiji, kwani damu nzito kuliko maji.

Namkunda hakubishana naye. Alimshika mkwewe mkono, akamvuta hadi kwenye maji yenyewe. Nakijwa alidhani mama huyu ameamua wafe pamoja kuliko kukamatwa. Akafumba macho, akaenda. Maji yalimpiga kichwani na mabegani, kisha yakaisha ghafla. Alipofumbua macho alikuwa ndani ya pango pana, na kijiji chote kimeketi humo, akina mama wakiwanyonyesha watoto ili wasilie.

Watekaji walifika, wakapekua nyumba, wakakuta majiko yana moto. Wakaja kwenye maporomoko kunywa. Maji ya kiangazi yalikuwa mepesi, sauti zao zilipenya. Ndipo Nakijwa alipoitambua sauti moja. Ilikuwa ya Chambua, mjomba wake, ndugu wa tumbo moja na mama yake. Yeye ndiye aliyewaongoza.

"Nakijwa, mpwa wangu," aliita. "Najua uko karibu. Toka. Wewe hawatakugusa, nimekuombea. Nitakurudisha kwa mama yako."

Watu wote pangoni wakamgeukia. Mzee wa ukoo alishika kisu. Nakijwa alihisi mkono wa Namkunda ukilegea kwenye wake, kisha ukauachia kabisa.

"Mama yako ni mama yako, mwanangu," Namkunda alimnong'oneza. "Sitakushika."

Mjomba aliita tena, na sauti yake ilikuwa ya upole, ile ile iliyombembeleza utotoni. Nakijwa alilia bila kutoa sauti. Aliutafuta mkono wa mama mkwe wake gizani, akaukamata, akakaa kimya hadi nyayo zikashuka na kupotea bondeni.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekatiza mazungumzo mbele yake.

Miaka ikapita, biashara ile ikakoma. Chambua, akiwa mzee na fimbo, alipanda Ivuga kuomba radhi. Nakijwa alimkaribisha, akampikia magimbi, akampeleka kuangalia maporomoko. Mzee yule alisimama pale alipokunywa maji siku ile, akayatazama juu hadi chini.

"Mpwa wangu, sikuwahi kulala vizuri," akasema. "Nilidhani mlijirusha gengeni. Mlipitia wapi?"

 Nakijwa hakuwa na hasira naye tena, lakini hakunyosha kidole.

"Mjomba," alimjibu, "mgeni huona maporomoko, mwenyeji huona mlango."