Kimya Kilichotembea Msituni

Fumbeni macho, wajukuu zangu. Wewe nawe, usichungulie! Oneni wingu limeshuka mlimani, limelala juu ya miti, limeingia hadi mlangoni. Ukinyoosha mkono, vidole vyako huvioni. Maji yanadondoka majanini, to, to, to, wala mvua hainyeshi.

Basi ilikuwa kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, huko milima ya Upare, chini ya msitu mkubwa. Jioni moja Naetwe, mtoto wa miaka saba, alimfuata msituni mwanambuzi aliyepotea. Mbuzi akarudi. Naetwe hakurudi.

Giza likaingia, na vibundi wakaanza kulia. Mnawajua? Ndege mdogo kama ngumi yangu hii, macho ya manjano, hutoka usiku tu. Mmoja analia huku, tuu! Mwingine anajibu kule, tuu! Mlima mzima, tuu, tuu.

Watu wa wakati ule waliamini kwamba bundi akilia wakati mtu amepotea, anamwita kaburini. Walifanyaje? Walitoa vinu nje, wakavipiga kwa michi ili wawafukuze. Du! Du! Du! Aliyepiga kuliko wote ni Kiangi, baba mdogo wa mtoto.

"Pigeni! Wasimwite mtoto wetu!"

Vibundi wakanyamaza. Watu wakapiga, wakapiga, hadi viganja vikachubuka. Nakijwa, mama yake Naetwe, alikuwa amechoka kulia. Alijua baridi ya msitu ule. Mtoto asingefika alfajiri.

Ndipo akaja Bibi Namkunda. Huyu kwa miaka mingi alilala peke yake kibandani kando ya ndiva, lile bwawa ambalo Wapare hulijaza maji usiku na kuyafungulia mashamba asubuhi. Kazi yake ilikuwa kulinda maji yasiibwe.

"Kiangi, weka mchi chini."

"Bibi, nikiuweka watalia."

"Nataka walie."

"Unataka mtoto afe?"

"Nataka kujua alipo. Wewe unatwanga kinu kitupu tangu jua lizame. Umepata unga?"

Kiangi akauweka.

Wakakaa kimya. Kimya, wanangu. Hata watoto wachanga walinyonyeshwa wasilie. Wakangoja, wakangoja. Halafu, tuu! Bondeni. Tuu! Kushoto. Tuu, tuu, mlima ukajaa tena.

"Kila kibundi ana mti wake," Bibi akanong'ona. "Mtu akiwa chini yake, hunyamaza. Ndivyo nilivyowajua wezi wangu wa maji. Msisikilize wanapolia. Sikilizeni wasipolia."

Nakijwa akainua kichwa. "Kule juu, penye mwamba. Hapana sauti."

"Yuko hapo."

Wakainuka kwenda. Bibi akamshika Kiangi mkono. "Ngoja kwanza."

Chini kabisa ya mwamba, kibundi aliyekuwa akilia alinyamaza. Kisha wa juu yake akanyamaza, na yule wa kwanza akaanza tena. Kisha wa juu zaidi. Mmeelewa? Kilikuwa kimya cha pili. Na hiki kilikuwa kinatembea. Kilipanda polepole, mti kwa mti, kumwelekea mtoto.

"Bibi, ni nini kile?"

"Sijui. Kimbieni!"

Wakakimbia na vijinga vya moto, Nakijwa mbele, miiba ikimchana asiisikie. Walimkuta Naetwe amejikunja ndani ya ufa wa mwamba, baridi kama jiwe la mtoni, macho wazi.

"Mama," alisema, "mbona ulisimama hapo nje muda mrefu, hata huniiti?"

Nakijwa akambeba kifuani, wakashuka. Walipokwisha kupita, vibundi wa nyuma yao walipaswa kuanza kulia tena. Hawakulia. Mti kwa mti, kimya kikawafuata hadi mti wa mwisho wa msitu. Hapo kikasimama. Walipofunga mlango ndipo wakasikia, mbali sana: tuu.

Naetwe alipona, akakua, akazaa. Na tangu usiku ule, kijijini pale hakuna aliyempigia kibundi kinu, wala kumtupia jiwe.

Mzigo wa kisa nimeutua, sasa ni wenu kuubeba. Fumbueni macho. Ila nawaomba mkumbuke jambo moja tu: mkimtafuta mtu aliyepotea, kwanza nyamazeni.