Jino la Kulia

Hapo zamani, maombi ya chuo yalipokuwa bado yanapelekwa posta, walikuwapo wanafunzi watatu wa sayansi waliotaka kuwa madaktari wa meno: Tunu, Nakijwa na Sifaeli. Kila Jumamosi walikwenda kwenye kliniki ya Daktari Mhina, mwanamke wa maneno machache, wakamtazama akifanya kazi. Walichemsha vyombo, walipanga kadi, walishika taa. Mwaka mzima.

Chuo cha meno kilitaka barua ya daktari aliyemwona mwombaji kazini. Daktari mmoja, barua moja, jina moja. Fomu isiyo na barua haikusomwa. Na mji ule ulikuwa na daktari wa meno mmoja tu. Watatu walilijua hilo, na bado waliazimana madaftari.

Jumamosi ya mwisho kabla ya maombi kufungwa, Mzee Shekigenda, mwenye mashine ya kusaga, hakutokea. Alikuwa na miadi ya kung'olewa jino, na hii ilikuwa mara ya tatu kukimbia. Ilikuwa siku ya nne anakunywa uji tu. Tunu akamfuata mashineni. Hakumwambia kwamba haitauma. Alimwambia sindano itauma kidogo, kisha atahisi kuvutwa tu. Akakaa naye juu ya magunia saa nzima. Mwishowe mzee akasema binti huyu ni king'ang'anizi kuliko mama mkwe wake, akazima mashine, wakaenda.

Kwenye kliniki, Sifaeli ndiye aliyeandika kadi. Akamuuliza mzee linauma jino gani.

"La kulia," mzee akajibu.

Sifaeli akachungulia kinywani, akaona gego la chini upande wa kushoto lina tundu jeusi. Akaandika: gego la chini, kushoto. Daktari akasoma kadi, akatazama, akaliona tundu, akavuta dawa ya ganzi kwenye sindano.

Nakijwa alikuwa ameshika taa. Kabla ya hapo alimpa mzee maji ya kusukutua, akaona anayazungusha upande wa kushoto tu, upande wa kulia anaukwepa. Sasa akaiona kadi, akajua. Angeweza kusema. Badala yake akamwinamia Sifaeli na kumnong'oneza: "Umeandika upande siyo. Sema mwenyewe."

Sifaeli akaitazama kadi. Akaitazama sindano. Mzee alikuwa amefumba macho, kinywa wazi, hawezi kutamka neno. Sindano ikakaribia.

"Daktari, subiri," Sifaeli akasema. "Nimekosea mimi. Mzee alisema jino la kulia, nikadhani anasema jino la kulia chakula."

Daktari akarudisha mkono. Akaligonga taratibu gego la kulia. Mzee akaruka kitini. Lilikuwa limeoza chini ya mahali palipozibwa zamani. Likapigwa ganzi, likang'olewa.

Mzee alipoweza kusema tena, alimgeukia Sifaeli. "Kijana, mimi meno yangu yote ni ya kulia. Ungeyamaliza?"

Saa sita mchana Daktari Mhina akaweka karatasi moja mezani. Posta ilikuwa inafungwa saa saba. Akawaambia kila mmoja aseme.

Tunu akasema barua ni yake. Wenzake walimkuta mgonjwa kitini. Nani alimkalisha hapo? Kama si yeye, pasingekuwa na kosa la kuona wala la kukiri.

Nakijwa akasema barua ni yake. Asingeona, mzee angerudi nyumbani na pengo jipya na maumivu yaleyale.

"Uliona ukanyamaza," Tunu akasema.

"Ningesema mimi, Sifaeli angekuwa amekwisha. Angekaa kimya, ningeushika mkono wa Daktari."

"Hilo unalijua wewe peke yako, dada."

Sifaeli akasema haombi barua kwa kukosea. Anaomba kwa sababu kati yao watatu ni yeye tu aliyefungua mdomo akijua kwamba neno lile linaweza kumnyima chuo. Nakijwa akamkumbusha kwamba alisema baada ya kuambiwa. Sifaeli akakubali.

Wakamuuliza mzee. Akasema likimuuma jingine anawataka wote watatu. Daktari akamjibu kwamba karatasi haina nafasi hiyo.

"Na mimi nilisoma kadi," Daktari akaongeza, "sikumuuliza mgonjwa."

Akachukua kalamu. Akaandika tarehe. Akaandika salamu. Akafika mahali pa jina, akasita. Ilikuwa saa sita na nusu.

Nanyi mnaosikiliza, msimwachie kazi hii peke yake. Yupo aliyemleta mgonjwa. Yupo aliyeona kosa, akampa mwenzake nafasi ya kulitaja. Yupo aliyekosea, akajitaja mbele ya sindano. Je, kalamu iandike jina la nani?