Viazi Vichungu vya Mheshimiwa Kiboko

Enyi mliokusanyika, wazee kwa watoto, mlioketi jamvini na mliosimama mlangoni kwa kukosa nafasi: nawaamkia kwa adabu, kila mmoja kwa cheo chake. Naomba mniazime masikio yenu. Mkiniazima, nitayatunza, mkininyima, nitasimulia vivyo hivyo, maana nimekwisha jiandaa. Mpo?

Kama mpo, sikilizeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wangali na serikali, na serikali ilipokuwa ingali na haya, mvua iligoma misimu miwili mfululizo katika nchi ya Nyasikavu. Mashamba yakakauka. Serikali ikafungua ghala la umma, ikawapa wanyonge kadi za chakula na maji. Mwenye kadi alikwenda kwa Bwana Ngiri, mtunza ghala, akaonyesha kadi yake, akapimiwa posho ya juma zima, akaenda zake. Jambo likiwa rahisi kiasi hicho, mnajua wenyewe kuwa halidumu.

Ikatokea kwamba Tumbili, kwa akili zao zile, walizitumia kadi zao zote kuchukua peremende. Asubuhi peremende, jioni peremende, kafu! kafu! kafu! Meno yakaoza, wakawa wakicheka unahesabu mapengo. Hilo lilikuwa tatizo la kweli, wala simcheki aliyetaka kulitibu. Tatizo la pili lilikuwa mganga mwenyewe.

Mganga alikuwa Mheshimiwa Kiboko, Waziri wa Lishe. Umbo lake mnalijua: akiketi, kiti huomba msamaha. Alisimama mbele ya halaiki, mua mkononi, akatafuna, akahutubia.

"Ndugu wananchi! Kafu! Afya zenu zinaniliza. Kafu, kafu! Nimekonda kwa kuwawazia. Pyuu!"

Hilo la mwisho lilikuwa makapi ya mua.

"Pole, Mheshimiwa," wakaitikia wananchi, wakimtazama alivyokonda.

"Kuanzia leo tuna sheria, nayo ina vifungu viwili tu, ili hata nyinyi muielewe. Kifungu cha kwanza: kitu chochote kikiitwa kitamu, na yeyote yule, ni marufuku kwa mwenye kadi. Kifungu cha pili: neno la Waziri hushinda neno la yeyote yule. Kuna swali?"

Sungura akanyoosha sikio moja. "Mheshimiwa, na huo mua?"

"Huu? Huu ni dawa ya koo. Kiongozi huhutubia sana."

"Aaa! Pole kwa koo," akasema Sungura, akalishusha sikio lake taratibu.

Sasa, Sungura alikuwa na jirani, Bibi Nungunungu, mkongwe asiyebakiwa na jino hata moja. Si kwa peremende, bali kwa miaka. Chakula chake kilikuwa kimoja tu: viazi vitamu vilivyochemshwa vikapondwapondwa. Miguu yake ilikuwa imechoka, basi kila juma Sungura ndiye aliyempelekea kadi ghalani.

Siku ya posho ilipofika, Sungura akabisha hodi.

"Karibu," akasema Bwana Ngiri. "Kadi?"

"Hii hapa, ya Bibi Nungunungu. Nipimie viazi vitamu, kama kawaida."

Ngiri akaruka nyuma utadhani amekanyaga kaa la moto. "Viazi vi-nini?"

"Vitamu."

"Unajisikia mwenyewe? Vi-ta-mu! Kifungu cha kwanza! Marufuku!"

"Ala! Bwana Ngiri, hilo ni jina lake tu. Kiazi ni kiazi. Kimefukuliwa ardhini, hakijapita kiwandani."

"Mimi sikusomea viazi, nimesomea kifungu."

"Haya, yaishe. Nipe basi maji, nikampikie uji."

"Ya kisima kipi?"

"Kile cha maji mata..." Sungura akajiziba mdomo, lakini alikuwa amekwisha chelewa.

"Ma-ta-mu! Lahaula! Marufuku! Kachote ya chumvi kule bondeni."

"Ajuza anywe maji ya chumvi?"

"Kwa afya yake," akajibu Ngiri, akauelekeza mkono kwenye ubao mweusi uliotundikwa nyuma yake. Hapo yaliandikwa kwa chaki majina ya vyakula vilivyoruhusiwa: MTAMA. KUNDE. MBAAZI.

Sungura akavichukua vyote vitatu. Akavichemsha kutwa nzima katika maji ya chumvi, visilainike. Bibi Nungunungu akavizungusha kinywani, guru, guru, ufizi kwa ufizi, kama anayetafuna kokoto. Mwishowe akavitema kiganjani.

"Mjukuu wangu," akasema, "nimevijaribu kwa moyo wote. Vimenishinda."

"Jaribu tena kesho, bibi."

Kesho ikawa vile vile, na keshokutwa. Siku ya nane Bibi Nungunungu hakuweza kuinuka kitandani, na miiba yake ilikuwa imelala mgongoni kama nyasi zilizokanyagwa. Sungura akaelewa: juma jingine la namna hii, atamzika jirani yake kwa sababu ya jina la kiazi.

Bahati ikawa kwamba siku ile ile likapigwa baragumu. Waziri atakuja ghalani kesho yake adhuhuri, ale chakula cha wanyonge mbele ya umma, ili umma ujue kuwa chakula hicho ni kizuri. Anatafutwa mpishi.

"Mimi!" akasema Sungura, masikio yote mawili juu.

Mpishi wa Waziri haulizwi kadi. Akafunguliwa ghala lote, achukue atakacho. Maji ya kupikia yakaletwa kutoka bwawa la Waziri mwenyewe, kwa kuwa Waziri hatumii ya chumvi, yana madhara. Sungura akapika vyungu vinne, vitatu akaviweka mbele, na cha nne akakifunika kwa jani la mgomba.

Kisha akamsogelea Ngiri.

"Bwana Ngiri, wakubwa hupenda kumwona mtumishi mwenye bidii. Leo simama kando ya ubao wako, kitambaa mkononi. Ukisikia kitu kimeitwa kitamu, usingoje kuamriwa."

"Mimi? Mimi singoji!" akasema Ngiri, kifua mbele.

Mheshimiwa akawasili, ndi! ndi! ndi! Ardhi ikatikisika, vyungu vikagongana. Sungura akainama hadi masikio yakagusa vumbi, akaimba:

Karibu Mheshimiwa, jamvini uje uketi,
Chungu tumeshateguwa, kwa sheria na kwa cheti,
Onja ulichochaguwa, nasi tule tusiteti,
Useme tukatambuwa, neno lako ndilo hati.

"Ahaa!" Kiboko akatabasamu hadi magego yakaonekana. "Mpishi mwenye adabu! Leta."

Chungu cha kwanza kilikuwa cha mtama uliopikwa kwa siagi. Kiboko akatia kinywani konzi moja, akafumba macho.

"Mmh! Wananchi! Nani alilalamika? Mtama huu ni mtamu!"

Swaa! Ngiri akaufuta mtama ubaoni.

Kiboko hakuona, kichwa chake kilikuwa tayari kimo ndani ya chungu cha pili, cha kunde zilizoungwa kwa nazi. "Ebo! Hizi ni tamu kuliko mtama!"

Swaa! Kunde nazo zikaondoka.

"Na hizi mbaazi je, Mheshimiwa?" akauliza Sungura kwa sauti ya unyenyekevu mno.

"Mbaazi? Nya'm, nya'm! Tamu kupindukia! Na nyinyi mnapewa hivi bure, halafu mnanung'unika!"

Swaa!

Ubao ukabaki mweusi tii. Umma ukaanza kuvuma kama mzinga uliopigwa jiwe. Tumbili mmoja mwenye pengo akapanda begani kwa mwenzake.

"Mheshimiwa! Thatha tutakula nini? Ubao?"

Kiboko akageuka. Akautazama ubao. Akamtazama Ngiri.

"Ngiri! Umefanya nini?"

"Kifungu cha kwanza, Mheshimiwa! Umeviita vitamu."

"Virudishe!"

"Nikivirudisha nitakuwa nimelishinda neno la Waziri. Kifungu cha pili, Mheshimiwa!" akajibu Ngiri, akingoja kusifiwa.

"Usimlaumu, Mheshimiwa," akasema Sungura. "Dawa yake ni nyepesi. Sema tu mbele ya umma kwamba chakula cha wanyonge si kitamu, na kwamba ulipokisifu ulikuwa ukitudanganya."

"Waziri hadanganyi!" akanguruma Kiboko, jasho likimtiririka. Nyuma ya Tumbili, Nyati walikuwa wameanza kukwangua ardhi kwa kwato, na Nyati hawana desturi ya kuandika barua za malalamiko.

Sungura akamsogelea sikioni. "Basi kipo chungu cha nne. Hiki bado hujakitolea neno. Ukikionja ukasema si kitamu, kitaandikwa ubaoni. Umma utakuwa na cha kula, na sheria yako itabaki na heshima zake zote."

"Kina nini?"

"Viazi tu, mkubwa wangu."

"Lete! Lete upesi!"

Sungura akaliondoa jani. Vilikuwa viazi vyekundu vya kuchoma, maganda yamepasuka, utomvu wake unachuruzika kama asali. Kiboko akatia kimoja kinywani. Macho yakamzunguka. Mkia ukamzunguka pia, fyu-fyu-fyu-fyu, kama pangaboi.

"Vipi, Mheshimiwa?" akauliza Sungura kwa sauti ya kusikika na wote. "Vikoje?"

"Vi... vi..." Kiboko akawaangalia Nyati. "Vichungu!"

"Vichungu?"

"Vichungu mno! Shubiri!"

"Maskini! Basi tema, Mheshimiwa."

"Sitemi!" Akakumbatia chungu. "Waziri hasemi neno bila uhakika. Ngoja nionje kingine." Akala cha pili. "Kichungu vile vile!" Akala cha tatu na cha nne, akashushia kata ya maji. "Loo! Hiki ndicho kichungu kuliko vyote!" Machozi ya raha yakamlenga.

"Tazameni, wananchi!" akapaza sauti Sungura. "Analia kwa uchungu! Nani atatupenda kama Waziri huyu? Na maji haya ya kisimani uliyoshushia, Mheshimiwa, yalikuwaje?"

"Machungu! Kila kitu kichungu! Andika, Ngiri!"

Ngiri akaichukua chaki, ulimi nje kwa jitihada, akaandika kwa herufi kubwa: VIAZI VICHUNGU. Chini yake: MAJI MACHUNGU YA KISIMANI. Umma ukaangua kicheko, kwi! kwi! kwi! Hata Nyati wakasahau kwato zao. Mheshimiwa naye akacheka, akidhani wanamshangilia, akabeba gunia zima la viazi vichungu kwenda nalo nyumbani kuvifanyia uchunguzi.

Asubuhi iliyofuata ikaja barua yenye muhuri. Waziri anautangazia umma kwamba mtama, kunde na mbaazi, vilivyokuwa vitamu jana, vimegeuka vichungu vyenyewe, bila ya kosa la ofisi yake. Ngiri akaviandika tena ubaoni, kila kimoja na uchungu wake.

Tumbili wakamkimbilia Sungura. "Na peremende je? Mpikie Waziri peremende naye atheme ni chungu!"

"Nyinyi? Na mapengo hayo?" akasema Sungura. "Nendeni mkale viazi."

Yeye mwenyewe alikuwa ameshika njia, debe la viazi kichwani na mtungi wa maji mkononi, hatua mbili mbili. Nyuma yake alitweta Bwana Ngiri, ubao kwapani, kwa kuwa alitaka kuthibitisha kwa macho yake kwamba mwenye kadi hali kitu kitamu.

Viazi vikachemshwa, vikamenywa, vikapondwapondwa. Sungura akamwinua Bibi Nungunungu, akamwegemeza ukutani, akamlisha kijiko cha kwanza. Kikapita. Akamlisha cha pili. Cha tatu Bibi akakishika mwenyewe, na miiba ya mgongoni mwake ikaanza kuinuka, mmoja mmoja.

Ngiri akakohoa, akaitayarisha chaki. "Bibi, kwa mujibu wa sheria: vikoje hivyo?"

Bibi Nungunungu akamtazama Sungura. Akamtazama Ngiri. Akalamba kijiko pande zote mbili.

"Vichungu, mwanangu," akasema. "Vichungu, hata sijui niseme nini. Niongezee."

Funzo lake ni hili: anayetunga sheria ya chakula cha mwenzake, na akae kwanza ale naye.

Nami kisa hiki nilisimuliwa mara ya kwanza na Bi. Mize binti Makame, aliyekuwa akiuza viazi vya kuchemsha mlangoni pa shule yetu.