Asiyerudi Hajasema Amepona

“Asiyerudi hajasema amepona.” Mmelisikia neno hilo asubuhi, madaktari wangu wanafunzi, mkacheka, kisha mkaniuliza ni wahenga gani waliolisema. Wahenga hawahusiki. Lilitokana na simu moja iliyopigwa katika chumba hiki cha dharura, nami nilikuwa muuguzi wa zamu.

Tulikuwa na daktari tarajali, bado yuko mafunzoni, aitwaye Ambakisye. Alikuwa hodari, lakini mkono wake ulitangulia sikio: mgonjwa hajamaliza kueleza, cheti cha dawa kimeshaandikwa. Ukimuuliza habari za wagonjwa wa jana, hujibu, “Hawakurudi, Sista. Wamepona.” Nami nilimwitikia, Mungu anisamehe, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na jibu lake lilinipa raha.

Jumanne moja alikuja Mwaisumo, mkulima wa viazi, ameshika chembe cha moyo, jasho linamtoka. Ambakisye akasema ni vidonda vya tumbo, akamwandikia dawa, akamruhusu. Jumatatu iliyofuata akaja Tusekile, mama mwenye mashine ya kusaga, na maumivu yale yale, jasho lile lile. Naye akaandikiwa dawa zile zile, akaelekezwa dirishani kuzichukua.

Sijui kwa nini siku hiyo moyo ulikataa kutulia. Nikauliza, “Daktari, yule mzee wa viazi anaendeleaje?”

“Hakurudi.”

“Najua hakurudi. Anaendeleaje?”

Akakasirika. Akavuta daftari la wagonjwa, akatafuta namba, akapiga ili kunifunga mdomo, tena kwa spika ya simu nisikie mwenyewe. Akapokea mwanamke.

“Mama, ni daktari wa hospitali. Namuulizia mzee Mwaisumo.”

“Tulimzika Ijumaa, baba. Alianguka shambani, ameshika hapo hapo alipokuonyesha.”

“Pole sana, mama. Mimi... hakurudi, nikajua amepona.”

“Asiyerudi hajasema amepona, daktari.”

Ambakisye aliiacha simu mezani ingali hewani, akatoka mbio kumtafuta Tusekile. Dirisha la dawa, hayupo. Getini, hayupo. Mimi nilibaki namwomba radhi yule mjane, macho yangu mlangoni. Ambakisye alimkuta Tusekile kwenye kijiwe cha bodaboda, ameshapanda pikipiki, akamwomba ashuke. Kipimo kikaonyesha kwamba tatizo ni moyo, wala si tumbo. Tukamlaza siku tisa.

Aliporuhusiwa, aliambiwa arudi kliniki baada ya wiki mbili. Siku ikafika, hakuonekana. Ambakisye hakutulia. Alizunguka meza, akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, kimya. Mara ya tano ikapokelewa, na mngurumo ukajaa chumba kizima.

“Nani? Daktari? Nasaga! Watu wamejaa hapa!”

“Unaendeleaje, mama?”

“Nimepona, bwana! Kliniki nitakuja kesho!”

Akaketi chini akalia mbele ya foleni nzima, wala hakuona haya. Nililia naye. Tusekile alikuwa amesema kwa kinywa chake. Mwaisumo hakuna aliyemuuliza akiwa hai.

Haya, inukeni. Mtu mliyemruhusu jana yuko wapi sasa hivi? Mtafuteni. Asiyerudi hajasema amepona.